Kuziba Kutu ya Gari la Kuwindia Hadi Msimu Uishe

Msimu wa uwindaji wa kitalii Tanzania hufunguliwa Julai mosi, na magari mengi ya vitaluni (maeneo yaliyotengwa kwa uwindaji) hugundulika kuwa yameoza mwezi Juni. Kuoza kwenyewe kulishatokea zamani. Kulitokea masika, gari likiwa limeegeshwa chini ya mti, turubai limelala juu ya bodi, na matope ya msimu uliopita bado yamejaa ndani ya madigadi. Sasa mtu anainua kapeti la mpira ili afagie, anaona ardhi.

Gari lenyewe tunalijua: Land Cruiser pikapu ya familia ya 70, au Land Rover 110 iliyoondolewa paa, viti vya juu vimefungwa nyuma, winchi mbele, dumu la maji ubavuni. Fundi mzuri wa bati yuko mjini na ana foleni, wageni wanatua wiki ijayo. Hapo ndipo kiraka cha muda kinapotakiwa. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo, ukiwa na grinda, jenereta na vitu vinavyopatikana kwenye duka la vifaa vya magari la mji wowote wa mkoa.

Kabla ya yote tukubaliane kiraka cha muda hufanya nini. Kinazuia maji, vumbi na moshi visiingie, na kinapunguza kasi ya kutu kwa miezi sita hivi. Hakirudishi nguvu ya chuma. Kila uamuzi ulioko huku chini unatokana na sentensi hiyo.

Kwa nini magari haya huoza mahali pake pa kipekee

Gari la kijijini huoza kwa mvua na matope. Gari la kuwindia lina adui wa ziada nyuma: damu na chumvi. Nyati akipakiwa, damu yake hushuka chini ya mbao na mikeka ya sakafu, na damu ina chumvi. Kisha gari hilohilo hutumwa mjini kubeba magunia ya chumvi ya kutibia ngozi na nyara. Gunia moja likichanika, chembe huingia kwenye maungio ya bati na kukaa humo. Chumvi huvuta unyevu hewani na kuharakisha kutu, kwa hiyo hata Septemba, jua kali na vumbi tupu, sakafu inaendelea kuliwa usiku na alfajiri.

Halafu yako maeneo yenye chumvi yake yenyewe. Gari linalofanya kazi kandokando ya Ziwa Natron, Eyasi au Rukwa hubeba vumbi la magadi na chumvi kwenye kila mfereji wa bodi. Na kwenye mbuga za udongo mweusi matope hushika kama saruji juu ya chasisi, nje yanaonekana makavu, ndani ni mabichi kwa wiki nzima.

Sehemu za kuanzia kukagua zinategemea gari. Kwenye Land Cruiser, bodi nzima ni chuma, basi angalia sakafu ya kabini chini ya miguu ya dereva, kona za chini za fremu ya kioo cha mbele, mfereji wa paa kama paa bado lipo, sehemu ya chini ya milango, na sakafu ya nyuma pale inapokutana na kuta zake. Land Rover humdanganya mtu. Bodi yake nyingi ni alumini, hivyo inang'aa huku mifupa inaoza. Ukuta wa chuma unaotenga injini na kabini, mikono ya chasisi inayobeba bodi ubavuni, na boriti ya nyuma yenye ndoano ya kuvutia ndizo sehemu za chuma, na ndizo zinazokufa kwanza. Pia mahali alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu wa chumvi, alumini huliwa na kutoa unga mweupe.

Hatua ya kwanza: osha, kausha, gonga

Toa kila kitu nyuma: viti, mbao, mikeka, masanduku. Toa kapeti za kabini na vizibo vya mpira vilivyoko sakafuni. Osha kwa maji mengi, hasa kutoka chini kwenda juu, ukielekeza bomba ndani ya madigadi na juu ya tanki la mafuta. Maji mengi yenye nguvu ndogo ni bora kuliko mashine kali kwa dakika tano, kwa sababu unachotaka ni kuyeyusha chumvi. Usitumie jiki kuondoa harufu ya damu. Jiki hula chuma, na ikikutana baadaye na dawa ya kutu yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Sabuni ya kawaida inatosha.

Acha gari juani siku nzima, milango wazi.

Kisha chukua nyundo ndogo na bisibisi la bapa. Gonga kila mahali penye rangi iliyovimba. Bati zima hulia kwa sauti kavu, bati lililooza hutoa mlio mzito uliozimika, na vumbi jekundu hudondoka. Chomeka bisibisi kwa nguvu ya mkono tu. Likipita, hapo hakuna chuma tena, kuna rangi na kutu vilivyoshikana kwa mazoea. Weka alama ya chaki kuzunguka eneo lote bovu, si tobo peke yake. Mara nyingi tobo la ukubwa wa sarafu huzungukwa na bati bovu la ukubwa wa sahani.

Hatua ya pili: amua nini kizibwe na nini kisiguswe

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo presha ya bosi huwa kubwa. Gawa alama zako za chaki mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni bati la kuzuia tu: sakafu ya kabini isiyobeba boliti za kiti au mkanda, ngozi ya mlango, madigadi, kuta za nyuma, sakafu ya mzigo kati ya mihimili yake. Haya yanazibika.

Fungu la pili ni vitu ambavyo havina kiraka. Chasisi, mahali springi na shokapu zinapofungwa, boksi la usukani linaposhikamana, boriti ya ndoano ya kuvutia, mabomba ya breki, na nanga za mikanda ya usalama. Ukikuta ufa au tobo kwenye hayo, puti na faiba ni uongo unaopakwa rangi. Bomba la breki lenye vipele vya kutu hubadilishwa leo, hata kama halivuji, kwa sababu siku litakapovuja ni siku mtu atakapokanyaga breki kwa nguvu zote mteremkoni. Chasisi ikioza ukiwa kambini, gari linashushwa mzigo na abiria wote, linaendeshwa pole pole hadi kwa mchomeleaji anayejua chasisi, au linabebwa. Na mchomeleaji mwenyewe asipachike bati juu ya kutu. Akate hadi chuma kizima.

Kwenye fungu hili naongeza kitu ambacho wengi hukisahau: miguu ya kiti cha juu. Mgeni, mwindaji bingwa na msoma nyayo husimama kule juu gari likipita kwenye mashimo ya fisi na magogo. Miguu ya fremu ile ikiwa imefungwa kwenye sakafu iliyolika, boliti nne zitang'oka na duara la bati kila moja. Wapo wanaoweka washa kubwa wakasema imetosha. Haitoshi. Ama fremu ihamishiwe kwenye mihimili mizima ya chini, ikiwa na bamba nene la chuma upande wa chini wa kila mguu na boliti zinazopita mpaka huko, ama watu wakae chini msimu mzima. Mgeni atalalamika, ni sawa.

Fungu la tatu ni la katikati, na linadai akili. Ukuta wa injini wa Land Rover ukitoboka kwenye kona ya juu karibu na bawaba ya mlango, tobo linazibika ila bawaba haishikiki. Trei ya betri huweza kuwekewa kiraka kama bado inasimama yenyewe, lakini betri ikidondokea feni au ikagusisha waya, umepoteza zaidi ya trei. Kwa trei, kwanza ua asidi: changanya magadi ya kupikia maharage kwenye maji, mwagia, povu likikoma suuza sana. Tanki la dizeli lenye kitobo cha sindano huzuiwa kwa kupaka kipande cha sabuni ya mche kilicholainishwa, ni dawa ya porini ya kukufikisha kambini, baada ya hapo tanki linashushwa. Usilipelekee grinda, na usimruhusu mtu kulichomelea bila kusafishwa na anayejua kazi hiyo.

Hatua ya tatu: andaa mahali na vifaa

Grinda hutoa cheche zinazoruka mita kadhaa, na Agosti majani ya kitaluni ni petroli. Lima au fagia duara la udongo mtupu kuzunguka gari. Weka ndoo mbili za maji na moja ya mchanga, na mtu wa kuangalia moto tu. Toa garini risasi zote, bunduki, madumu ya mafuta na mtungi wa gesi. Tenganisha betri. Juu ya ekzosi na juu ya boksi la gia huwa pamejaa majani makavu, yatoe kwa mkono kabla hujawasha chochote. Hayo majani yanatakiwa kutolewa kila siku ya msimu hata kama hufanyi ukarabati, magari yameungua kwa sababu yake.

Gari likiinuliwa, likae kwenye stendi za chuma au magogo mapana yaliyopangwa, sio jeki peke yake.

Vifaa: grinda yenye diski ya kukatia na brashi ya waya ya kikombe, mkasi wa bati, drili, mashine ya ripiti (pini za kubana bati bila kuchomelea), msasa namba 40, 80 na 180, thina, vitambaa safi, dawa ya kugeuza kutu, praima ya epoksi au red oksaidi, gundi ya epoksi, kitambaa cha faiba, puti na kigandisho chake, na gundi nyeusi ya kubandikia vioo vya magari. Bati la chuma la milimita 1 hivi, geji 20 au 18. Bati la kuezekea nyumba ni jembamba mno, litapinda chini ya buti. Miwani ya kukinga macho na barakoa si mapambo, waya wa brashi hukatika na kuruka.

Angalizo kuhusu silikoni: ile ya bafuni yenye harufu ya siki hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo huamsha kutu chini yake. Rangi nayo haishiki juu ya silikoni. Iache kwenye masinki.

Hatua ya nne: fika kwenye chuma

Kata kwa mkasi au diski bati lote ambalo bisibisi lilipita. Inauma kuona tobo likikua mara tatu, lakini kiraka kinachoshika kwenye ukingo uliooza hubanduka na ukingo wake. Zungusha kona, usiache kona kali, maana nyufa huanzia hapo.

Kisha kwangua kuzunguka tobo, pande zote mbili ukiweza kufika, upana wa sentimita 4 au 5 mpaka chuma king'ae. Anza na brashi ya waya, malizia na msasa namba 40 au 80. Brashi peke yake hung'arisha kutu ikafanana na chuma, ndiyo maana msasa ni lazima. Vishimo vyeusi vitabaki ndani ya chuma, hivyo ni kazi ya dawa.

Futa kwa thina, kitambaa kipya kila mara. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu.

Hatua ya tano: dawa ya kutu

Dawa za kugeuza kutu huwa na asidi ya fosforiki, au tanini, au vyote viwili. Zinaigeuza kutu iliyobaki kuwa tabaka jeusi lililotulia. Tanini ni ileile inayotolewa kwenye magome ya miwati, miti inayopandwa Njombe kwa kazi ya kulainisha ngozi. Dawa inataka kutu nyembamba iliyoshika. Juu ya magamba yanayobanduka haifanyi kitu, na juu ya grisi haifanyi kitu.

Paka kwa brashi ndogo, tabaka jembamba, kivulini. Jua kali huikausha kabla haijafanya kazi. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha paka ya pili kama kopo linaruhusu. Kama maelekezo yanasema suuza, suuza kweli na kausha. Soda ya kola ina asidi hiyohiyo lakini kidogo sana pamoja na sukari nyingi, mpe msaidizi anywe.

Praima ifuate siku hiyohiyo au kesho asubuhi. Chuma kitupu kikilala nje usiku mmoja wenye umande, asubuhi kina kutu ya rangi ya chungwa na unaanza tena.

Hatua ya sita: kiraka chenyewe

*Vitobo vidogo, hadi ukubwa wa kidole gumba.* Tumia epoksi na faiba. Kata vipande vitatu vya kitambaa, kila kimoja kikubwa kuliko kilichotangulia, cha mwisho kipite ukingo wa tobo kwa sentimita 3 au zaidi. Paka epoksi kwenye chuma, laza kipande, kandamiza kwa brashi ngumu mpaka kitambaa kiwe kama kioo na hewa itoke, endelea na kinachofuata. Kwa nini epoksi na sio utomvu wa polyesta wa bei nafuu unaouzwa pamoja na faiba? Polyesta haishiki vizuri kwenye chuma. Baada ya wiki chache za barabara yenye matuta madogo kama bati inainuka ukingoni, maji yanaingia chini yake, na umeijengea kutu chumba cha kulala. Kama una polyesta tu, itumie, ila ongeza ripiti mbili tatu zenye washa.

*Sakafu na bati kubwa.* Hapa kiraka cha chuma cha ripiti ndicho mfalme, na sababu yake ni nyepesi: kinafanyika bila moto, na msimu ukiisha fundi atakitoa bila kuharibu bati jirani. Kata kielelezo cha boksi gumu kwanza, kikae vizuri, ndipo ukate bati. Liwe kubwa kuliko tobo kwa sentimita 3 kila upande. Pinda kwa nyundo juu ya gogo lifuate umbo la sakafu, lisilazimishwe na ripiti. Paka praima pande zote mbili na kwenye kingo, iache ikauke.

Toboa kona moja ya kiraka pamoja na sakafu, weka ripiti kwa muda bila kuibana, toboa kona ya kinyume, halafu nyingine mbili. Sasa toboa zilizobaki kila baada ya sentimita 3 hivi. Kwa ripiti ya milimita 4.8 toboa 4.9. Ondoa kiraka, safisha vumbi la chuma, gusa kila tundu kwa praima. Ndipo upake mstari mnene wa gundi ya vioo kuzunguka, ndani ya mstari wa ripiti na nje yake, rudisha kiraka, bana ripiti ukianzia katikati ya kila upande kuelekea kona. Gundi inayofurika ilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni. Kabla ya kutoboa, tazama chini! Nyaya, bomba la breki na bomba la dizeli hupita chini ya sakafu, na drili haichagui.

Kwa Land Rover, kiraka cha ukuta wa alumini kiwe cha alumini na ripiti za alumini. Kiraka cha chuma juu ya alumini, au kinyume chake, kitengwe kwa praima na gundi pande zote ili visigusane moja kwa moja.

*Kuchomelea.* Mtu atakuambia ana mashine ya kuchomelea ya vijiti. Kwa bati la milimita moja, vijiti hutoboa matobo mengi kuliko yanavyoziba, na joto huunguza rangi ya upande wa pili, kutu inaanza huko usikokuona. Bati lenye zinki likichomwa hutoa moshi unaoleta homa na baridi usiku. Kiraka cha muda hakihitaji hayo. Uchomeleaji uache kwa mwenye mashine ya waya na gesi, baada ya msimu.

*Puti.* Puti ni ya kusawazisha, si ya kuziba tobo. Hunyonya maji, kwa hiyo puti iliyobandikwa juu ya tobo lililofungwa kwa gazeti (tumeyaona) ni sifongo. Kama lazima uitumie kwenye ngozi ya mlango, iwe juu ya faiba au chuma kilichopakwa, isizidi milimita 5, na ifunikwe na praima na rangi siku hiyo. Kigandisho ni asilimia 2 hivi ya uzito: puti ya ukubwa wa limau dogo, kigandisho cha ukubwa wa haragwe. Changanya alfajiri. Saa saba mchana inagandia kwenye kijiko.

Hatua ya saba: rangi, na njia ya maji

Praima tabaka mbili, halafu rangi ya juu tabaka mbili, ukisubiri kila moja ikauke. Red oksaidi peke yake haizuii maji kwa muda mrefu, inataka rangi juu yake. Rangi ya kijani au kaki isiyong'aa itoshe, gari la kuwindia halishindanishwi na harusi. Kuta za chini na madigadi yapigwe rangi nzito ya chini ya gari, ila tu juu ya chuma kikavu kilichopakwa praima. Lami iliyopakwa juu ya matope na kutu huficha uozo mpaka siku mguu unapopita.

Sasa jambo ambalo viraka vingi hufeli kwalo. Chini ya kila mlango, kwenye mifereji ya pembeni na sakafuni kuna vitundu vya kutolea maji vilivyowekwa na kiwanda. Fundi mwenye bidii huviziba vyote kwa gundi akidhani ni kutu. Vifungue kwa waya. Ukiweka kiraka mahali maji yanakotuama, toboa kitundu kipya cha milimita 6 pembeni yake, sehemu ya chini kabisa, ukipake praima ukingoni. Maji lazima yawe na mlango wa kutokea, vinginevyo kiraka kizuri kinageuka bakuli.

Ndani ya mifereji na milango, ambako brashi haifiki, nyunyiza mafuta mazito au grisi iliyolainishwa kwa dizeli. Oili chafu ya injini hutumiwa na wengi kwa sababu ni ya bure. Inasaidia, lakini hulainisha na kuharibu mipira ya springi na ya milango, hushika vumbi, na ikidondokea breki au ekzosi ni hatari. Ukiitumia, iishie ndani ya mifereji, na isimwagike ardhini karibu na mto.

Kabla ya kurudisha kapeti, funga milango usiku, mtu mmoja aingie bila tochi huku mwingine akimulika kutoka chini. Mwanga unaopenya ni moshi utakaopenya. Kwenye gari la dizeli lenye ekzosi chakavu, tobo la sakafuni linaweza kumpa dereva kichwa kinachouma ambacho watu hukiita malaria.

Wakati wa msimu

Kila baada ya mnyama kubebwa, sakafu ya nyuma isuuzwe siku hiyohiyo, sio kesho. Weka ubao au mkeka mgumu wa mpira juu ya kiraka ili pembe na kwato zisikikwaruze, lakini uuinue kila jioni. Chumvi isafirishwe ndani ya pipa la plastiki lenye mfuniko. Mara moja kwa wiki, yule anayepaka grisi apite na nyundo, agonge kuzunguka viraka. Ripiti iliyolegea itolewe iwekwe nene zaidi, na rangi iliyochubuka iguswe kwa brashi kabla ya umande.

Kiraka kikianza kutoa machozi ya kahawia ukingoni, usikipake rangi juu. Kifungue. Chini yake ama maji hayana pa kutokea, ama chuma hakikuwa safi, na ukiona eneo bovu limesogea kuelekea boliti ya kiti au muhimili, gari hilo limehamia fungu la pili.

Mwisho, andika. Chora gari kwenye karatasi, weka namba kila penye kiraka, tarehe na ulichotumia, bandika ndani ya kifuniko cha sanduku la spana. Msimu ukifungwa, gari linaenda kwa fundi wa bati na karatasi hiyo, yeye anakata kila kiraka pamoja na sentimita kadhaa za bati linalokizunguka mpaka chuma kizima, na kuchomelea bati jipya kabla masika hayajaingia. Fundi asiyekuwepo Juni hataviona viraka vilivyopakwa rangi vizuri, na wewe huenda wakati huo uko likizo.